Nani Anawalisha Vidukari Wetu?

(Hotuba iliyosomwa na maafisa wa nyanjani mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia)



Tuliombwa tuje tuzungumze juu ya vidukari wa sukumawiki. Vikundi vitatu vilituandikia, na vyote viliuliza neno moja tu: "Tupige dawa gani?" Jibu tumekuja nalo, lakini huenda si lile mlilotarajia. Kabla hatujataja dawa yoyote tunataka kuwasimulia kosa moja lililofanyika. Kosa hilo lilikuwa letu sisi maafisa. Mkulima alifanya tu yale tuliyomwambia.

KOSA LETU

Kuna kikundi cha akina mama ambacho tumekitembelea kwa muda mrefu. Jina lake hatutalitaja, ingawa wenyewe wamo humu ndani na wametupa ruhusa ya kusimulia. Walikodi robo ekari karibu na kijito, wakapanda sukumawiki. Fedha za mbegu na mbolea walizitoa kwenye mchango wao wa mzunguko, na zilizopungua wakakopa.

Miche ilishika vizuri. Halafu majani yakaanza kuwa na umanjano kidogo, nasi tukasema, "Ongezeni CAN." Wakaongeza. Hakuna kijiko kilichotumika, kila mche ulitiwa konzi moja. Baada ya wiki mbili shamba likawa la kijani kibichi mpaka linakaribia weusi, majani mapana kama sinia. Hata sisi tulijisifu.

Kisha wakaja vidukari. Mnawajua: wamejikunyata chini ya jani, wa rangi ya kijivu, kana kwamba mtu amenyunyiza jivu. Tukasema, "Pigeni dawa." Wakapiga. Vidukari wakaanguka, tukashukuru. Siku kumi hazikuisha, wakarudi, tena wengi kuliko mwanzo. Dawa tena. Majani yaliyonyonywa yakaanza kujikunja na kupauka, na tulipoyaona yamepauka tukadhani ni njaa. Tukasema tena, "Ongezeni CAN." Basi ikawa ndiyo ngoma yenyewe: mbolea, vidukari, dawa, mbolea, vidukari, dawa.

Msimu ulipokwisha, mweka hazina alifungua daftari. Fedha za dawa na mbolea zilikuwa zimepita fedha za mauzo. Deni lilibaki. Wanachama wawili walitaka kujiondoa, na maneno makali yalisemwa.

Lakini lililotuumiza zaidi halikuandikwa kwenye daftari. Dawa ilikuwa inapigwa Jumanne, na Alhamisi ni siku ya soko. Majani yalichumwa siku mbili tu baada ya dawa, yakauzwa. Yale yaliyokosa mnunuzi yalirudi nyumbani, watoto wakapikiwa. Hatukusikia kwamba kuna mtu aliyeugua. Lakini kutosikia si sawa na kutoumia, na sisi tuliokuwa tukiwafundisha tulipaswa kuuliza mapema.

Siku ile ya daftari, nyanya mmoja alituuliza hivi: "Kama dawa inaua, mbona wanazidi? Watu hawaongezeki pasipo chakula. Hao wadudu, nani anawalisha?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi, tukasoma, tukawauliza waliosoma kutushinda. Leo tumeleta jibu lake. Ni sisi tuliokuwa tunawalisha.

MDUDU ANATAFUTA NINI KATIKA JANI?

Sasa tuelewane pole pole. Mwili wa mdudu ni protini, na protini haijengwi bila naitrojeni. Ukimkausha mdudu ukampima, utakuta naitrojeni ni kati ya asilimia 7 na 14 ya uzito wake. Jani kavu kwa kawaida lina kiasi kidogo kuliko hicho, mara nyingi chini ya asilimia 5. Kwa hiyo mdudu anayekula majani anaishi na njaa ya protini siku zote, hata akiwa amekaa juu ya chakula.

Kidukari ana shida zaidi, maana hali jani lenyewe. Anadunga mdomo wake mwembamba kama uzi mpaka kwenye mshipa unaopitisha utomvu, anakunywa. Utomvu ule una sukari tele na protini kidogo sana. Ni kama mtu anayepewa uji wa sukari asubuhi, mchana na jioni. Ili apate ile protini kidogo inambidi anywe sana, na sukari inayomzidi anaitoa nyuma. Ule unyevunyevu unaonata mnaoukuta juu ya majani ndio huo. Sisimizi huufuata, na ukungu mweusi huota juu yake.

Je, mkulima akimwaga CAN nyingi kwa mara moja inakuwaje? CAN ina naitrojeni kama asilimia 26, na inayeyuka upesi. Mmea unaivuta kwa haraka kuliko unavyoweza kuijenga iwe mwili. Basi ndani ya utomvu vinazunguka vipande vidogo vya protini ambavyo havijaunganishwa, wataalamu wanaviita asidi za amino. Hivyo ndivyo kidukari anavyotafuta. Ni kama yule wa uji wa sukari amewekewa nyama mezani.

Na kidukari akishiba hangoji harusi. Jike huzaa bila dume, na huzaa watoto hai, hatagi mayai kwanza. Wakati wa joto mtoto anaweza kuanza kuzaa mwenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo chakula kikiongezeka kidogo tu, jamaa yake huongezeka mno.

Tena ile dawa ilikuwa na kosa lake. Haikuchagua. Iliua vidukari, ikaua pia wale wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao hula vidukari. Iliua na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya kidukari. Maadui wa vidukari huzaana pole pole kuliko vidukari wenyewe, hivyo waliosalia walirudi kwenye shamba lisilo na askari.

MMEA WENYE DHIKI

Hapa mtu atasema, "Lakini shamba langu halijawahi kuona CAN, na vidukari wapo." Ni kweli. Mbolea ni mlango mmoja. Mlango wa pili ni dhiki ya mmea, hasa kiu.

Mwaka 1969 mtafiti mmoja wa Australia, T. C. R. White, aliandika juu ya wadudu wadogo wanaonyonya mikaratusi. Miaka mingine walikuwa wachache, mwaka mwingine wakafurika. Alipolinganisha na kumbukumbu za mvua, aliona kwamba wanafurika baada ya majira ya baridi yenye mvua nyingi kufuatwa na kiangazi kikavu. Mawazo yake yalikuwa haya: mti ukiwa na dhiki huanza kuvunja protini ya majani yake, kama vile mtu mwenye njaa anavyokonda. Vile vipande vinaingia kwenye utomvu, na watoto wa wadudu ambao siku zote hufa kwa njaa, safari hii wanaishi.

Si wote waliokubaliana naye. Mwaka 1991 Peter Price wa Marekani alionyesha kwamba wako wadudu wanaochagua chipukizi zenye nguvu, zinazokua kwa kasi. Mnaona? Mmoja anasema mdudu anapenda mmea dhaifu, mwingine anasema anapenda mmea wenye nguvu. Kumbe inategemea mdudu mwenyewe na namna anavyokula. Kwa hiyo yule anayewaambia kwamba mmea wenye afya haushambuliwi kamwe, msimkubalie moja kwa moja. Mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 2004 watafiti wengine wawili, Huberty na Denno, walikusanya majaribio mengi yaliyokwisha kufanywa na kuyalinganisha. Waliona kwamba ukame mrefu usiokatika huwadhuru wadudu wanaonyonya, kwa sababu mmea ukinyauka utomvu hausukumwi vizuri. Bali kiu ya kupokezana, yaani mmea unanyauka kidogo, unapata maji, unanyauka tena, hiyo ndiyo inayoweza kuwanufaisha. Kiu inavunja protini, halafu maji yanarudisha msukumo. Meza imeandaliwa, na mfereji umefunguliwa.

Sasa lifikirini shamba la wale mama zetu. Zamu ya kutia maji ilikuwa Jumamosi. Jumamosi shamba lilifurika, na kuanzia Jumatano majani yalilala mchana. Jumamosi tena gharika. Na juu ya hayo konzi ya CAN. Kama kidukari angetuandikia barua ya kuomba shamba, angeomba lile.

TUSIACHE MBOLEA

Tafadhali mtu asitoke hapa akisema, "Ofisi ya maendeleo imekataza mbolea." Hatukusema hivyo.

Huko Benin, Afrika Magharibi, watafiti walichunguza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Mwaka 1993 waliandika kwamba viwavi hao waliishi vizuri zaidi na kuzaa zaidi kwenye mahindi yaliyotiwa naitrojeni. Lakini walipoendelea mpaka mavuno, waliona kwamba mahindi yenye naitrojeni hayakupoteza sehemu kubwa ya mavuno kama yale yenye njaa. Mdudu alishiba, na mmea nao ulikuwa na nguvu ya kustahimili. Mtoto aliyelishwa vizuri naye hupata mafua, lakini huamka upesi.

Kwa hiyo kuunyima mmea chakula si njia ya kupambana na mdudu. Kinachotakiwa ni chakula cha kutosha, cha aina zote, kinachokuja pole pole.

Cha aina zote, kwa sababu naitrojeni peke yake ni nusu ya mlo. Katika utafiti uliofanywa kwenye soya huko Michigan, Marekani, na kuandikwa mwaka 2007, mimea iliyopungukiwa na potasiamu ilikuza vidukari zaidi. Mmea usio na potasiamu ya kutosha hushindwa kuunganisha vile vipande vya protini, vikabaki vikizunguka. CAN haina potasiamu, na DAP pia haina. Samadi inayo, na jivu la kuni linayo.

Cha pole pole, kwa sababu ya udongo. Huko Ohio, mwaka 1995, watafiti walichukua udongo wa mashamba yaliyozoea samadi na udongo wa mashamba jirani yaliyozoea mbolea ya dukani, wakapanda mahindi ndani ya nyumba ya kuoteshea, kisha wakawaachilia nondo wa viwavi wanaotoboa mabua. Kwa jumla nondo walitaga mayai machache zaidi kwenye mahindi ya udongo uliozoea samadi. Samadi na mboji ni kama ghala la nyumbani, unachota kidogo kidogo. CAN ni kama mshahara wa mwisho wa mwezi, siku ya kwanza karamu, siku ya ishirini njaa.

NA MAHINDI JE?

Tunajua wengi wenu mnasumbuliwa na mahindi kuliko sukumawiki, hasa tangu viwavijeshi wapya walipoingia Kenya mwaka 2017. Hao udongo peke yake hautawaweza. Lakini hata hapo mbolea na mdudu vinakwenda pamoja.

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa KARI na wa Rothamsted, Uingereza, walifundisha njia ya kusukuma na kuvuta. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inamfukuza nondo. Kuzunguka shamba unapanda nepia, inayomvuta nondo akatage huko, na viwavi wengi wanaoanguliwa kwenye nepia hawakui. Desmodiamu hiyohiyo inashika naitrojeni ya hewani na kuipa udongo pole pole, inafunika ardhi unyevu usipotee, na inazuia kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa kwamba katika mashamba ya njia hii, iliyotumia brakiaria badala ya nepia, viwavijeshi wapya walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mche, ukilinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake. Na majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndiye mwenye samadi.

TULIVYOJARIBU UPYA

Tulirudi kwa wale akina mama tukakiri kosa. Haikuwa rahisi. Mmoja alituambia, "Mbona mlitwambia kwa nguvu vile?" Hatukuwa na la kujitetea.

Tukakubaliana kujaribu kwa vitalu vinne tu. Viwili tuliviacha kama zamani, viwili tukavitunza hivi: samadi iliyooza vizuri kabla ya kupanda, nyasi kavu kati ya mistari, maji kidogo kila baada ya siku mbili, na CAN kwa kijiko.

Hatutaki kuwadanganya. Vidukari hawakuisha. Walikuja vitalu vyote vinne. Lakini kwenye vile viwili vilivyotunzwa walikaa kwenye mche mmoja mmoja, wala hawakutambaa shamba zima, na akina mama waliweza kuwaponda kwa vidole na kuchuma majani yaliyozidiwa. Majani yalikuwa membamba kidogo kuliko yale ya konzi ya CAN, na mnunuzi mmoja alilalamika. Lakini hayakunyauka upesi sokoni, na hakuna aliyeogopa kumpikia mtoto. Lile lilikuwa shamba moja na msimu mmoja. Ndiyo sababu tunawaomba nanyi mjaribu, tulinganishe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tia samadi au mboji iliyooza. Samadi mbichi huchoma miche na huleta wadudu wengine.

2. CAN ipimwe. Kijiko kimoja cha chai kwa mche, udongo ukiwa na unyevu, mbali kidogo na shina. Rudia baada ya wiki kadhaa ukiona haja. Konzi ni ya maharagwe, si ya CAN.

3. Jani likiwa la manjano, usikimbilie mfuko. Geuza jani kwanza utazame chini. Chimba kidogo utazame kama udongo umekauka. Njaa, kiu na kunyonywa vyote hupausha jani.

4. Maji yawe kidogo na mara kwa mara, wala si gharika ya Jumamosi. Panga zamu upya. Funika udongo kwa nyasi kavu.

5. Jivu la kuni litumike kwa kiasi, kidogo kuzunguka mche. Likizidi huharibu udongo.

6. Kagua shamba mara mbili kwa wiki. Ponda vidukari wakiwa wachache. Ukiona vidukari waliofura, wakavu, wa rangi ya kahawia kama punje ndogo, waache. Ndani yao mna mtoto wa nyigu, huyo ni askari wako.

7. Wakizidi, jaribu maji ya sabuni: vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya maji kwa lita 4 za maji. Jaribu kwenye miche michache kwanza. Nyunyiza chini ya jani, jioni. Sabuni huua mdudu aliyeloa tu, hivyo itabidi kurudia.

8. Dawa ya dukani iwe ya mwisho. Mtu anayejua kusoma awasomee wengine karatasi ya chupa: kipimo, mavazi, na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Siku hizo ziandikwe kwenye kibao shambani. Kama siku ya soko inafika kabla hazijatimia, soko lipite.

Hilo la nane ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Kukosa soko moja ni hasara. Kumuuzia jirani sumu ni dhambi.

NENO LA MWISHO

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anasimulia juu ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba alimwomba mwaka mmoja zaidi ili auchimbie na kuutilia samadi. Tumelisikia neno hili kanisani mara nyingi, na siku zote tulifikiri linahusu roho tu. Tazameni yule mtunzaji. Alianzia kwenye mizizi, akaomba na muda.

Nyanya aliyetuuliza swali lile yuko hapa, safu ya mbele. Nyanya, asante sana. Ulitufundisha kuuliza nani anamlisha mdudu kabla ya kuuliza nani atamwua.

Mungu awabariki ninyi na mashamba yenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Msimu uliopita kikundi chetu kilitumia fedha ngapi kwa dawa, na ngapi kwa kutengeneza mboji?

2. Zamu yetu ya maji inaufaa mmea, au inatufaa sisi tu?

3. Je, tumewahi kuuza mboga kabla siku za kungoja hazijaisha? Tufanye nini ili jambo hilo lisirudie?

4. Ni nani kati yetu atakubali kutenga vitalu viwili vya majaribio, na nani atayaandika yatakayoonekana?